Safu ya Mto

Nimetunza vitabu vya kiwanda cha ngozi cha Arriaga
miaka ishirini na sita, hapa San Telmo, jimbo la Guanajuato,
na sijapoteza hata senti moja.
Chumvi, chokaa, kromu, mishahara, nauli ya lori:
kila kitu kina safu yake.
Mali bila daftari, mwajua wenyewe inakoishia.

Ila mto haukuwa na safu.

Jumatatu ulipita na rangi ya samawati,
Alhamisi ukapita kahawia kama kahawa ya hospitali,
na siku tulipotia rangi ngozi za buti za harusi
ulipita mwekundu, watoto wakaushangilia darajani.
Mimi niliandika: jozi mia tatu, zimelipwa.

Tusimsingizie Don Leobardo. Si mchoyo.
Kila Krismasi hugawa mablanketi.
Mwaka juzi aliipaka rangi shule ya msingi,
na ukutani ikachorwa nembo ya kiwanda, fahali mweusi,
pembe zake zikagusa dirisha la darasa la nne.
Mpiga picha alitoka mjini. Gavana hakufika, keki ilifika.
Ndani ya shule ile bomba limefungwa kwa waya,
maana kisima chanuka mayai viza.
Ukimvunja mtu mguu kisha ukampa mkongojo,
usisimame kando yake ukingoja kushukuriwa.

Basi Desemba, nikifunga hesabu,
nikachukua rula na kalamu nyekundu,
nikaongeza safu moja ukingoni mwa ukurasa.
Juu yake nikaandika: MTO. Tunadaiwa.

Aliniita. Miwani kaipandisha kwenye paji la uso.
"Eduviges, huu mto umeleta ankara lini?"

Kila wiki, Don Leobardo. Hatujajifunza tu kuisoma.
Nicanor wa mapipa hakuja kazini siku arobaini na moja, kifua.
Mabinti wawili wa Chabela, mikono ikiwachubuka,
wamehamia Monterrey kushona mapazia;
tukafunza wageni wawili, wakaharibu ngozi tisini.
Yule Mjerumani wa mikoba, aliyekalia kiti hicho hicho,
alisimama darajani dakika tano,
akapiga picha moja, hakurudi.
Chema chajiuza, naam, lakini si kikinuka hivi.
Nimezijumlisha zote. Tazama chini, kulia.

Akatazama.
Nje mashine ya kukwangua nyama ilinguruma, ikanyamaza.

"Na nisipolipa?"

Unalipa tangu zamani. Ila unalipa kwa mifuko ya wengine,
na mifuko hiyo imetoboka, sasa inadondokea kwako.

Sitasema alitubu. Mfanyabiashara hupiga hesabu,
nami sioni aibu kumshawishi kwa lugha aliyoizoea.
Aliuliza bei ya matangi ya kusafishia maji. Bei ikamkalisha.
Aliwatukana watakatifu watatu kwa majina,
akauza gari la mwanawe Efraín,
akanunua tangi moja.
Yanatakiwa manne.

Mto bado haunyweki, tusidanganyane.
Jumatatu una samawati iliyopauka,
kama shati lililofuliwa mara nyingi mno.
Fahali bado yuko ukutani. Bomba bado lina waya.
Lakini Machi hii, kwa mara ya kwanza,
upande wa pili wa safu yangu pana tarakimu,
ndogo, ya wino mweusi.

Efraín, anayekuja kazini kwa miguu siku hizi
na kuvuka daraja lile lile akiziba pua,
huniuliza deni litakwisha lini.
Sijui, kijana. Naijua dawa yake tu,
na haiuzwi duka la dawa.

Nimechonga kalamu.
Mwezi ujao narudi kwenye mstari.